Kengele na Suruali ya Ndani ya Korbinian

Kazi yangu ni kuivisha barafu blanketi. Wageni hucheka nikiwaambia, nami huwaacha wacheke, maana mwaka wa kwanza nilicheka hata mimi. Mwezi wa tano tunatandaza vitambaa vyeupe juu ya barafu ya mlima wetu wa Hinterau ili jua lisiimalize, na mwezi wa nane tunafunua ukanda mmoja ili watu washuke kwa skii siku ya sikukuu ya Bikira Maria. Alfajiri tunamwaga chumvi theluji ishikane. Padri naye anakuja kuinyunyizia maji ya baraka. Nilimwambia apunguze kidogo, maji yenyewe ni ya vuguvugu. Akaniambia, "Vinzenz, punguza mdomo."

Mwaka huu tulijua ni mara ya mwisho. Wenye lifti ya kupandisha watu mlimani walikwisha kusema nguzo zinang'olewa kabla ya baridi, kwa sababu zimesimama juu ya barafu na barafu yenyewe imebaki jina. Nilipokuwa mtoto, mashindano ya sikukuu yalianzia msalabani kileleni na kuishia mbali huko chini, mtu anafika mapaja yanawaka moto. Siku hizi ukianza kupiga chafya juu, unaimalizia chini.

Na bingwa hatuna. Bingwa wa Hinterau huvishwa kengele ya ng'ombe, kubwa, ya shaba, yenye mkanda wa ngozi, akaipiga mbele ya kanisa. Hapo ndipo anakuwa bingwa, mpaka ashindwe. Asiyeipiga si bingwa, hata kama ameshuka mlima kinyumenyume amefumba macho. Miaka arobaini iliyopita kengele ilikuwa kwa baba mkwe wangu, Korbinian Troger, mwalimu wa skii, miwani myeusi, nywele zinang'aa mafuta. Mwaka huo akashindwa na Notburga, mpishi wa kibanda cha wapanda milima kule juu, aliyeshuka na aproni kiunoni na unga bado mikononi. Korbinian alitakiwa kumvisha kengele Jumapili baada ya misa. Jumapili akaja mikono mitupu. Imeibwa, akasema, na walioiba ni Waitaliano wa upande wa pili wa mlima.

Kijiji kizima kiliamini, kwa kuwa tulikuwa hatuwapendi tangu zamani na tulikuwa tunatafuta sababu tu. Mpaka leo Mwitaliano akiagiza bia kwetu anapewa povu. Kununua kengele nyingine hakuna aliyetaka kusikia, vichwa vyetu ni vigumu. Basi mashindano yakaendelea mwaka hadi mwaka, mshindi anapewa paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi na kuambiwa aende nyumbani. Notburga akabaki mwanamke aliyeshinda lakini si bingwa. Kila sikukuu alikuja kusimama kwenye mstari wa mwisho wa mbio, na kila sikukuu Korbinian, aliyemkatisha jina akimwita Burgl, hakukosa neno.

"Ile haikuwa skii, Burgl. Ilikuwa aproni. Upepo ulikusukuma."

"Na kwako upepo uliingilia sikio hili ukatokea lile," Notburga alimjibu. "Haukukuta kitu cha kusukuma."

Watu walicheka, lakini mimi niliuona uso wa Notburga akigeuka, na nilikuwa nikimwonea uchungu. Mama yake alikuwa amepigilia msumari ukutani, juu ya jiko, tayari kwa kengele. Mama amekufa, na msumari bado uko pale hauna kitu. Nami jioni narudi kula meza moja na Korbinian, anaisimulia hadithi ya Waitaliano huku akijilamba supu masharubuni.

Asubuhi ya sikukuu nilikuwa chini kabisa, pale barafu inapochuruzika, nikivuta blanketi la mwisho, mguu ukakwama kwenye mkanda wa ngozi. Barafu yetu hutapika. Kilichoanguka kwenye nyufa za juu enzi za wazee hutokea huku chini kwa wakati wake. Mwaka jana ilitupa meno ya bandia, na hakuna aliyejitokeza kuyadai. Nikachimba kwa koleo. Ilikuwa kengele.

Niliitikisa, haikulia. Ndani yake kulikuwa kumeshindiliwa suruali ndefu ya ndani, ya sufu, imebanwa mpaka ulimi wa kengele hauwezi kucheza. Nikaivuta polepole. Kiunoni palikuwa na herufi mbili zilizotariziwa kwa uzi mwekundu: K.T.

Sikuhitaji mtu wa kunieleza. Aliipandisha kwa lifti ndani ya mkoba, ameiziba isimsemee, akaitupa kwenye ufa. Na nakiri shetani alinipitia, maana ninaishi ghorofa ya juu ya nyumba ya yule mzee. Ningeificha. Lakini niifiche wapi? Mlima mzima haukuwa na ufa uliobaki wa kuficha hata kijiko.

Nikapanda hadi kwenye mstari wa mwisho, kengele mkono huu, suruali mkono huu. Kijiji chote kilikuwa pale kikisubiri mbio zianze.

"Mkwe, umeokota nini?" Korbinian akauliza, soseji mdomoni.

"Suruali yako, baba."

"Si yangu!"

Mke wangu Filomena akasogea, akaishika, akaisoma kama anayesoma gazeti. "Baba, huu ni mshono wa bibi. Ona, mguu wa K mfupi. Zako zote ziko hivi. Hata uliyovaa leo. Tuikague?"

"Filomena! Heshima!"

"Kumbe kuna Mwitaliano anaitwa K.T.," mtu akasema nyuma, na watu wakaangua kicheko mpaka wengine wakakaa kwenye theluji.

Notburga hakucheka. Alikuja pole pole, magoti yanalia, akasimama mbele ya yule mzee.

"Kwa nini, Korbinian?"

Korbinian alimeza soseji. "Ungeivaa mbele ya kanisa. Na ile aproni."

"Ningeivaa na aproni, ndiyo."

"Nilijua imekwenda moja kwa moja. Baba yangu aliniambia barafu ikimeza kitu ni mpaka siku ya kiyama. Nani alijua itaisha kabla yetu, Burgl? Nani alijua?"

"Mama yangu alikufa akiuliza iko wapi," Notburga akasema. "Inama."

Akainama. Notburga akamvisha kengele shingoni, akaufunga mkanda.

"Mpaka kanisani. Kwa miguu. Mbele yangu."

Njia ya kushuka hupita malishoni, na ng'ombe wetu wamefundishwa kitu kimoja tu maishani: mwenye kengele kubwa ndiye kiongozi. Korbinian alipopita analia ngo, ngo, ngo kila hatua, wakainua vichwa, wakaacha majani, wakamfuata.

"Wafukuzeni!" akapiga kelele.

"Wamekuchagua wenyewe, mzee!" wakamjibu.

Aliongeza mwendo, nao wakaongeza. Aliingia kijijini ametangulia kundi zima, sisi nyuma yake tumeshika mbavu. Padri alitoka kanisani na vazi lake la dhahabu, akaona, akarudi ndani, akatoka tena.

Mlangoni Korbinian akaivua kengele. Hakufanya mzaha. Akamvisha Notburga, akasema, "Ulinishinda," sauti chini, lakini tulisikia sote. Notburga akaishika kengele kwa mikono miwili, akaipiga. Aliipiga mpaka mkono ukachoka, akabadilisha mkono. Mimi nililia, na atakayenicheka na anicheke.

"Notburga ndiye bingwa," padri akatangaza, "mpaka ashindwe!"

Hapo ndipo mtu akakumbuka mashindano. Mashindano ya mwisho, na tulikuwa tumeyaacha mlimani tukafuata ng'ombe. Tukatazama juu. Jua lilikuwa limekwisha kuupiga ule ukanda, theluji imekuwa uji, na chini ya blanketi zilizobaki palionekana mawe. Pa kushindania hapakuwapo tena.

Nilimbebea Notburga kengele mpaka kwake, maana ni nzito. Alisimama juu ya kigoda jikoni, akaitundika kwenye ule msumari, akashuka, akaitazama kwa muda.

"Imekaa vizuri," nikasema.

"Imekaa." Akaifuta vumbi kwa pindo la aproni, ingawa haikuwa na vumbi. "Unajua nilikuwa nikifikiria nini miaka yote hii? Si kuipata tu. Nilifikiria atakuja binti mmoja mwenye miguu ya mbio, anipite kama nilivyompita yule mjinga. Nami Jumapili nitoke na kengele yangu nimvishe mwenyewe, kwa mikono yangu, mbele ya kila mtu."

Aliligeukia jiko, akawasha moto.

"Sasa nimvishe nani, Vinzenz?"