Maji Yaliyogoma Kuondoka Kidoleni

Saa moja na dakika kumi asubuhi, mashine ya vidole kwenye geti la kiwanda cha sabuni ilimkataa shangazi wa mpimaji wa maabara ya hapohapo kwa mara ya thelathini na moja. Taa nyekundu, mlio, basi. Shangazi alikuwa ameosha matangi miaka kumi na tisa kwa sabuni ya magadi makali, mikono mitupu, na alama za vidole zilikuwa zimefutika zote. Mlinzi alimsalimia, akamfungulia, naye akaingia kazini kama kawaida. Kwenye karatasi za ofisini alikuwa mtoro wa siku thelathini na moja, na Ijumaa angefukuzwa.

"Si unaniona lakini?" alimuuliza meneja.

"Nakuona, mama. Ila mashine haikuoni, na mimi nasaini cha mashine."

Mpimaji alikuwa kando, akasikia, akapandwa na hasira, lakini maabarani kazi ilikuwa inamngoja: sabuni mpya, iliyotengenezwa kwa sukari. Alitakiwa kupima tone lake linaanguka kwa muda gani. Tone la sabuni ya magadi halimalizi hata sekunde moja. Hili alilidondosha saa tatu kamili, na saa nne kasorobo lilikuwa bado hewani, usawa wa kifua chake, linashuka taratibu. Akaandika muda kwenye fomu, akavuta stuli, akakaa kulitazama.

Ndani ya tone mlikuwa na vijibonge maelfu kwa maelfu. Vitu hivyo havionekani kwa macho. Asubuhi ile vilionekana. Mafuta yalijificha katikati, sukari ikakaa nje, na maji yakakizunguka kila kijibonge yakijikokota, yakitoka kidogo na kurudi, maana sukari iliyashika na yenyewe hayakuona haja ya kwenda popote. Moyo ulimjaa mpimaji. Hakuwahi kuona kitu kizuri namna ile, na alikuwa ameolewa mara mbili.

Shangazi aliingia saa ya chai.

"Mbona maji haya hayaanguki?"

"Sukari inayashika, shangazi. Yakiisogelea, haraka yote inaisha."

"Kama wageni wa jirani yangu." Akachovya kidole kwenye bakuli la sabuni hiyo lililokuwa mezani.

Maji yalipanda kidoleni yakatulia. Yakajipanga mistari kwa mistari, duara ndani ya duara, hata kovu dogo la kisu alilolipata akiwa msichana likarudi mahali pake. Zilikuwa alama zake mwenyewe. Shangazi alizigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, machozi yakamtoka.

"Jamani, kumbe mpo," aliziambia.

Mpimaji alimshika bega.

Ijumaa shangazi alibonyeza kidole chenye maji kwenye mashine ya getini. Taa ikawaka kijani. Meneja alikuwa amesimama hapo na barua ya kumfukuza mkononi. Alikikagua kidole, akaona maji yamesimama wima bila kudondoka, akaikunja barua.

"Haya, safi. Tatizo limekwisha," alisema.

Jumatatu beseni la sabuni ya sukari liliwekwa getini juu ya stuli. Waosha matangi ishirini na wawili, wote wanawake waliofutika alama za vidole, walipanga foleni. Kila mmoja alichovya, akangoja alama zake zirudi, akabonyeza. Wengine walizibusu kwanza. Mpimaji alimfuata meneja, akamwomba matangi nayo yaoshwe kwa sabuni hiyo, au basi watu wapewe glavu. Meneja alijibu kwamba sabuni ya sukari ni ya kuuza, na glavu ziko njiani. Zilikuwa njiani tangu shangazi alipoajiriwa.

Taa iliwaka kijani mara ishirini na mbili. Wanawake wakakunja mikono ya nguo zao, wakaingia kuosha matangi kwa magadi, na kabla ya saa ya chai vidole vyote vilikuwa vitupu tena. Haikuwa shida, mashine isingewauliza tena hadi kesho yake.