Kitabu Kilichokatwa Kingo

Marehemu mume wangu alifundisha Kiingereza, na alikuwa na kitabu kimoja cha sarufi ya lugha hiyo, kinene kama tofali.

"Hiki hakimhukumu mtu," alikuwa akisema. "Kinaeleza tu wenye lugha wanavyosema kweli, mpaka wa sokoni."

Mimi shule yangu iliishia ya msingi. Lakini pembeni mwa kurasa, kwa penseli, aliandika sisi tunavyosema mambo hayohayo, na mengi aliyachota kinywani mwangu. Kwenye sura ya amri aliandika: "Si ule basi." Ndivyo nilivyomwambia kila siku mezani, chakula kikipoa yeye anasoma.

Shemeji yangu, naye mwalimu, alikitaka kwa ajili ya shule yao. Nikamwambia hakitoki, mwandiko wa kaka yako umo humo, na mwingine sina.

Mgongo wa kitabu ulipoachia, nikakipeleka kwa fundi wa kujalidi, tunayemwita Gundi. Nilipokifuata, alikipangusa kwa kiganja.

"Haya mama, bibi harusi huyo! Kilikuwa kimechorwachorwa pembeni. Nikakiweka kwenye mashine ya kukatia, nikala ukingo wote. Hiyo ni zawadi."

Nikafungua sura ya amri. Maandishi ya kiwandani yalikuwepo yote. Pembeni hapakuwa na pembeni.

"Vipande viko wapi?"

"Muuza mayai kachukua, anatandikia. Kwani vipi, mama? Nimekosea?"

"Hukujua, baba."

Nikaenda kwa muuza mayai. Nikainua yai moja. Chini yake nyuzinyuzi za karatasi, za vitabu vya watu wengi, zimevurugika kama tambi.

"Mama, unanunua au unataga?" akaniuliza, na wateja wakacheka.

Nikalirudisha yai taratibu.

Jioni shemeji akapita kunisalimia, akakiona mezani.

"Loo, shemeji! Kimekuwa kipya."

"Kichukue."

"Si ulisema hakitoki?"

"Kichukue, shemeji. Watoto wasome."

Alinitazama kidogo, kisha akakikumbatia kifuani, nisije nikabadili mawazo. Nikamsindikiza mpaka mlangoni, nikamwambia awasalimie nyumbani.

Nikaenda kusali. Nilimshukuru Mungu kama siku zote, kwa maneno yaleyale. Nilipofika pa kuomba, sikuona cha kuomba, nikainuka.