Arobaini ya Nani?

Nyumbani zilibaki kuni laini tu, zile zinazowaka kama ugomvi wa mawifi: kelele nyingi, moshi, dakika kumi, kwisha. Na dada yangu Zarmina alikuwa katika siku ya tisa tangu ajifungue mtoto wa miezi saba. Mkunga alituachia agizo moja: chumba kisipoe hata kidogo, na moshi usiingie. Maana yake mwaloni mkavu, na Kabul mwaka huu mwaloni una bei kama mahari.

Nikaenda kwa Mzee Ghausuddin, muuza kuni wa mtaani kwetu. Akaanza kupanga magogo kwenye mizani. Nikachukua mawili, nikayagonganisha. Gogo kavu hulia kama kengele. Haya yakasema *bup*.

"Ami, kuni zako zimetoka kuoga?"

"Theluji hiyo, Humayun."

"Theluji gani inalowesha kuni na kuacha ndevu zako kavu?"

Akacheka, lakini hakuyashusha magogo. Maji nayo yana uzito, na kuni hununuliwa kwa uzito.

"Ami, nakuomba. Sisi tuko kwenye arobaini."

"Nani hayuko? Hata punda wangu yuko kwenye arobaini!"

Hapo ndipo nilipogundua kosa langu. Kwetu baridi kali ya siku arobaini na mzazi wa siku arobaini vina jina moja. Alidhani nalalamikia hali ya hewa.

"Si ya baridi. Ya Zarmina. Mtoto hafiki robo ya seer."

Mzee akainama, akaokota jiwe lake la mizani dogo kuliko yote, lile la robo ya seer, kilo mbili kasoro, akalishika kiganjani kama yai.

"Hafiki hili?"

"Hafiki."

Akalirudisha taratibu. Kisha akamwaga magogo yote chini, akaenda nyuma, akafunua turubai. Mashina ya mwaloni, mekundu ndani, makavu kabisa.

"Ya kwangu haya. Mama Nadir atanichinja nikirudi nyumbani bila kuni."

"Mungu akulipe, Ami. Na bei?"

"Ile ile. Unadhani hapa msikitini?"

Nikalipa huku nacheka. Kwa bei ile ile nilipata rundo kubwa zaidi, kwa kuwa sikuyalipia maji.

Nilipofika, Zarmina alikuwa amemweka mtoto kifuani ndani ya shali tatu, midomo ya mama na ya mwana rangi moja, ya samawati. Sikutania. Nikawasha. Mwaloni ukachelewa kushika, nikauita majina yote mabaya, mara ukashika. Hakuna moshi. Bomba la jiko likaanza kutoa sauti tak, tak.

Alasiri madirisha yalikuwa yanatiririka jasho. Shali ya kwanza ikatoka, ya pili ikafuata. Mtoto akachomoa mguu mmoja, mwekundu, mdogo kama kidole changu, akapiga teke hewani.

"Humayun!" Zarmina akafoka. "Fungua mlango kidogo, unataka kutuoka?"

Sijawahi kufokewa nikafurahi hivyo.