Iliyoshuka ni Pasi

Jirani yetu anasema nilishushwa melini. Anasema aliniona kwa macho yake mawili, niko katikati ya ngazi, begi kichwani, machozi yananitiririka, na askari nyuma yangu ananisukuma kwa kiwiko. Anasema nilipewa karatasi nisome, nikashindwa, ndipo nikaambiwa meli haichukui watu walioishia shule ya msingi. Aliporudi mtaani hata kwake hakupita. Alianzia nyumba ya pembeni, akaja nayo mlango kwa mlango, na kila mlango akaufungia kwa maneno yaleyale: mpanda ngazi hushuka.

Mtaani tunamwita Redio. Si mtu mbaya. Ukiuguliwa, yeye ndiye wa kwanza kufika kukusaidia kumbeba mgonjwa. Shida yake ni kwamba akipata nusu ya habari, haikai mdomoni kusubiri nusu ya pili.

Na hiyo nusu aliyoiona ni kweli. Nilishuka.

Siku ile tulipanda gari la kukodi, mimi, yeye na shangazi, wakanisindikiza hadi kwenye uzio wa bandari. Shangazi ndiye aliyenilea. Anapiga pasi nguo za watu kibarazani kwetu, na kazi hiyo alinifundisha tangu nasimama juu ya kreti la soda ili niifikie meza. Ndiyo iliyonipa nafasi: miezi tisa katika chumba cha dobi, kwenye meli ya watalii. Asubuhi, nilipokuwa naoga, alifungua begi langu, akatoa jozi moja ya viatu, akaweka pasi yake ameiviringisha kwenye taulo, ile nzito yenye mpini uliofungwa waya. Hakuniambia. Nilipolinyanyua begi nikaliona zito, nikadhani ni woga wangu.

Ngazi ya wafanyakazi ilikuwa ipandishwe saa kumi. Saa tisa na nusu nilikuwa nimefika juu, begi langu linapita kwenye mashine ya ukaguzi. Askari akalirudisha, akalifungua, akaitoa pasi. Kando yake kulikuwa na pipa limejaa birika za umeme, majiko madogo, na pasi za wenzangu.

Aliniambia kitu kinachopata moto hakiingii vyumbani. Kisha akacheka. "Dada, unampelekea dobi pasi? Si maji hayo unayapeleka mtoni? Itupe humo upite."

Nililitazama lile pipa. Pasi ile ndiyo iliyoninunulia sare ya shule, na ndiyo iliyoinyoosha. Nikauliza kama naweza kuirudisha kwa mwenyewe. Akatazama saa ya ukutani, akasema ni hiari yangu, ila begi halibaki bila mtu, foleni nitaianza upya, na saa kumi ikigonga ngazi inapanda hata kama nina mguu juu yake.

Nikashuka na begi langu. Machozi hayakuwepo, lilikuwa jasho. Askari wa nyuma hakunisukuma, alikuwa anakwenda kuvuta sigara.

Shangazi alikuwa bado palepale langoni. Redio hakuwepo. Kuniona tu natokeza kwenye ngazi, alimpa shangazi pole, akadandia pikipiki.

"Umerudi kwa ajili ya chuma?" shangazi akaniuliza.

"Ni chako. Kesho utafanyia nini kazi?"

"Ningeazima. Ningezikalia nguo za watu zikanyooka." Akaipokea kwenye upenyo wa lango, akaikumbatia kama mtoto. "Mimi sikutaka ushike pasi usiyoijua, basi. Usinitazame mimi, tazama saa."

Nilikimbia. Kwenye foleni walikuwepo watu saba na mabegi yao, na hakuna aliyeniachia nafasi. Nikasimama, nikahesabu migongo, sita, mitano, minne. Nilipoweka mguu sakafuni kule juu, yule askari alionyesha vidole vinne. Dakika nne zilikuwa zimebaki.

Ndani nikamkuta mwanamke wa ofisi ya wafanyakazi na orodha yake. Jina langu lilikuwa limeshapigwa mstari tangu niliposhuka. Alisema dobi wanatosha, na mimi na hiyo elimu yangu ya shule ya msingi tutashushwa na gari la mwisho la mizigo, mlango wa chini, saa kumi na moja.  Nilibaki nimesimama na begi langu mpaka akapita mkuu wa dobi mwenyewe, mtu wa kwetu aliyezeekea baharini, akauliza kama mimi ndiye yule wa pasi. Habari ilikuwa imemfikia. Akasema kabla gari halijaja, acha anione mkono nikipiga pasi.

Chumba cha dobi kilikuwa kikubwa kuliko nyumba yetu. Mashine za kufulia zimepangwa ukuta mzima, na ile ya kunyooshea shuka inavuma katikati. Alinipa koti jeupe la kupokelea wageni na pasi nyepesi inayong'aa. Wafanyakazi wapya wenzangu wakasimama kutazama.

Sikuligusa koti. Shangazi husema pasi ya watu usiiamini, ianzie kwenye nguo yako mwenyewe. Nikafungua kitambaa changu cha kichwa, kipya, nilichokinunua kwa ajili ya safari, nikakitandaza mezani na kupitisha pasi mara moja. Harufu ilifika kabla ya alama. Nilipoinua, umbo la pasi lilikuwa limekaa kwenye kitambaa, la kahawia, na ncha yake.

Hakuna aliyecheka. Mkuu akaichukua ile pasi, akazungusha kidude cha kupunguza moto, akazungusha tena, akaishikilia karibu na shavu lake. Moto ulikuwa uleule.

"Koti hili ni la nahodha," alisema polepole. Kisha akamgeukia yule mwanamke wa orodha. "Jina lake liandike upya. Kwa wino."

Chumba chetu kina vitanda vinne vya ghorofa na hakina dirisha. Nilipewa cha juu. Nilipanga nguo zangu kwenye kabati jembamba, nikajaribu jaketi la kuelea, nikajifunza njia ya kwenda kwenye boti ya uokoaji kwa kuhesabu milango: kumi na mmoja, kisha ngazi. Nikalala chali, kiganja ukutani. Ukuta ulianza kutetemeka kidogo kidogo, na maji kwenye kikombe yakaegemea upande mmoja. Tulikuwa tunaondoka.

Mtandao ulikuwa bado upo. Shangazi alikuwa amenitumia sauti yake. Alisema ameiona ngazi inapanda, na mimi siko chini. Aliporudi akakuta watu wamejaa kibarazani kumpa pole. Akachomeka pasi, akaendelea na kazi, akawaacha wasimulie mpaka wakaishiwa. Kisha akawaambia, "Iliyoshuka ni pasi, hii hapa. Mtoto yuko baharini. Sasa nipisheni, sketi za shule zinanisubiri." Nilicheka mpaka mwenzangu wa kitanda cha chini akanipiga teke.

Ujumbe wa pili ulitoka kwa Redio.

"Mwanangu, ile ya kwanza niliiwahi mno. Sasa nakuomba, nitumie picha moja ukiwa humo ndani. Nitumie mimi kabla ya mtu mwingine yeyote, ili na hii ya pili niianze mimi."

King'ora cha zamu kikalia. Nikajifunga kitambaa changu, ile alama nikaiweka mbele, nikashuka kitandani. Simu niliiacha juu ya mto, bado inawaka.