Chumba Ambacho Saka Haikuingia

Fundi wa kompyuta wa kiwanda cha rangi hakuwa mtu wa majigambo, ila ukimgusia Saka, hapo alikuwa na la kusema. Saka ilikuwa programu ndogo aliyoiandika mwenyewe, haina picha wala vitufe. Unaandika amri kwenye skrini nyeusi: saka, kisha jina la aliyekuandikia. Inakuambia barua pepe yake imehifadhiwa folda gani. Kama haipo, inajibu neno moja: hakuna. Watu wa mauzo, wa stoo, hata bosi mwenyewe, walimjia wakiwa wamenuna na kuondoka wakicheka. Mwamba ngoma huvutia kwake, lakini ngoma hii kweli ilikuwa ikilia.

Neno hilo hilo, hakuna, ndilo lililomtenga na kaka yake.

Mama yao alipofariki, cherehani yake ilibaki kwa kaka, seremala wa mji mwingine. Mwaka jana kaka akaiuza. Fundi, dada mtu, alipowaka, kaka alisema alimwandikia kwanza kumwuliza, akangoja wee, asijibiwe. Wifi, mke wa huyo kaka, akafunga safari kuja kuwasuluhisha. Fundi akaandika amri mbele yake. Hakuna.

"Na huyu mganga wako wa ramli hakosei?" wifi aliuliza.

"Hajakosea hata siku moja," akajibu, akamwita kaka yake mwongo. Tangu hapo hawakusemezana. Wifi aliendelea kupiga simu, lakini habari za cherehani alizikwepa kabisa.

Basi asubuhi moja mtu mpya wa maabara akaja kulalamika kwamba alimtumia barua kuhusu rangi inayoganda koponi na hajapata jibu. Barua za maabara zilikuwa na folda yake, zikiingia humo zenyewe, na siku hiyo fundi alikuwa bado hajaifungua. Akaiuliza Saka. Hakuna. Mtu wa maabara akaapa ametuma. Mwingine angesingizia mtandao na kumrudisha kazini kwake, lakini fundi akisikia bomba likidondosha tone, hatulii mpaka alione. Akachungulia kumbukumbu za seva. Barua ilikuwa imefika. Sasa imekaa wapi?

Akaifuata ndani ya diski. Kwenye seva ile kila folda ina vyumba viwili. Barua ikifika hukaa chumba cha wageni, na mwenye folda akiifungua ndipo inahamishiwa chumba cha wenyeji. Ya maabara ilikuwa imetulia kwa wageni. Fundi akarudi kwenye programu yake, akaisoma mstari kwa mstari, udadisi ukimpanda kama mtu anayefungua kifurushi. Akaukuta mstari wenyewe. Saka ilikuwa ikiingia kwa wenyeji tu.

Akacheka peke yake. Nyani haoni kundule. Miaka yote ile, mbona hakuna aliyegundua? Jibu likamjia papo hapo: watu hutafuta barua waliyokwisha kuisoma. Nani atapoteza asichowahi kukiona?

Ghafla akaikumbuka barua ya cherehani.

Akarekebisha mstari ule. Akaandika jina la kaka yake. Safari hii Saka ilijibu: folda ya Familia, chumba cha wageni. Folda ile aliitengeneza mwenyewe, kwa mapenzi, ili maneno ya nyumbani yasizame katikati ya mambo ya rangi. Kisha hakuifungua tena, maana watu wa nyumbani hupiga simu.

"Dada," kaka aliandika, "kuna mshonaji anaitaka cherehani ya mama. Hapa nyumbani hata pa kupita hapana. Mimi moyo hautaki kuitoa, ila kusema hivyo kwenye simu nitalia, ndiyo maana naandika. Je, niiuze? Nitangoja mpaka Jumapili. Ukinyamaza nitajua umeridhia."

Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Akapiga simu. Kaka akapokea bila salamu, msumeno wa mashine ukinguruma nyuma yake.

"Kaka, barua yako ilifika. Mimi ndiye sikuifungua. Nilikuita mwongo, na mwongo hukuwa. Nisamehe."

Msumeno ukazimwa.

"Basi nijibu," kaka akasema.

Hakumwelewa, akamwuliza ajibu nini.

"Nilikuuliza swali, dada. Mpaka leo sijajibiwa."

Akaitazama barua, bado iko wazi kwenye skrini.

"Usiiuze," akasema.

"Haya," kaka akajibu, akapenga kamasi. "Ngoja nivae viatu, nikamwone yule mshonaji."