Ukurasa wa Pili wa Fomu ya Mbizi

Mstari ulishuka safu nzima ya "Hapana", kutoka swali la kwanza hadi la kumi na tisa, umenyooshwa kwa rula ya ofisi. Mkadiriaji wa bima, ambaye ofisi nzima ilimwita Muhuri, aliutazama akasonya. Kifua? Hapana. Moyo? Hapana. Kifafa, kizunguzungu, masikio? Hapana, hapana, hapana. Kumbe dunia imejaa watu wenye afya ya chuma, na wote wameamua kupiga mbizi! Aligonga muhuri wa kukubali, akavuta fomu nyingine.

Aliwadharau waombaji hawa kuliko wote. Alimwelewa mchimba visima. Alimwelewa pia fundi wa nguzo za umeme. Wana watoto wa kulisha. Lakini hawa walikuwa wamekinai hewa ya bure ya nchi kavu, wakaenda kununua ya mtungi, ili wakawatazame samaki ambao wangewaona sokoni bila kulowa. Na kabla ya kujitosa walitaka mtu mwingine abebe dhamana ya ujinga wao. Walikuja na saa kubwa kama vifuniko vya sufuria, wakidanganya bila kupepesa macho. Uwongo wao haukumkera hata kidogo, maana ulimrahisishia kazi.

Siku hiyo, baada ya chai ya saa nne, dada wa mapokezi alimwingiza mwanamke aliyekwisha kula chumvi nyingi, mwalimu mstaafu wa hisabati, sweta limefungwa vifungo vyote. Muhuri aliipokea fomu yake kwa vidole viwili. Kwenye swali la saba, la pumu, alama ilikuwa safu ya "Ndiyo". Pembeni palikuwa na maneno kwa mwandiko wa ubaoni: mara ya mwisho, miaka minne iliyopita.

"Mwalimu, hapa umekosea."

"Sijakosea. Nina pumu."

"Najua. Ndiyo maana nasema umekosea."

Mwalimu alikaa bila kukaribishwa. Alieleza kwamba kikundi chao cha wastaafu kilikuwa kinaondoka Ijumaa. Mwaka mzima alikuwa akifanya mazoezi katika bwawa la kuogelea, akihesabu vigae vya sakafuni, na baharini hajashuka hata mara moja. Bila cheti cha bima, mkufunzi asingemruhusu kuingia majini.

"Basi hii hapa fomu mpya," alisema Muhuri, akiisukuma mezani. Alijiona mkarimu kupita kiasi. "Jaza vizuri. Mimi sijaona kitu."

Mwalimu hakuigusa.

"Sisi kabla ya kushuka tunabadilishana fomu," alisema. "Mwenzangu anasoma yangu, nami nasoma yake. Kule chini, mwanangu, daktari wangu ni yeye. Nikianza kuhema vibaya, ajue ni kwa nini. Nikimdanganya atanisaidia kombo."

"Na mwenzako ni nani?"

"Mume wangu. Miaka thelathini na nane ya ndoa, na ni kwenye fomu yake ndipo nilipojua sikio lake la kushoto halisikii. Miaka yote hiyo nilidhani ananipuuza."

Mwalimu aliweka kidole chini kabisa ya karatasi. "Hapa pameandikwa: kama umejibu Ndiyo, eleza katika ukurasa wa pili. Uko wapi?"

Muhuri aligeuza fomu. Nyuma palikuwa peupe. Akavuta rundo zima la fomu mpya, akazigeuza moja moja; zote nyuma peupe. Akamwita dada wa mapokezi.

"Ukurasa wa pili? Si wewe mwenyewe ulikataza tusiunakili, bosi? Ulisema tunaharibu karatasi. Miaka kumi na moja hii, hakuna aliyeuulizia."

Njia nyepesi ilikuwapo. Alifungua droo kuchukua muhuri wa kukataa, na kopo la pipi za mnanaa, ambalo alikwenda na kurudi nalo nyumbani kila siku, likabingirika mpaka mbele. Ndani hamkuwa na pipi. Mlikuwa na vidonge vya moyo, alivyoandikiwa na daktari wa upande wa pili wa mji, mahali ambapo hakuna anayemjua. Chini ya kopo ilikuwa nakala ya bima yake ya maisha: mnufaika ni mkewe, shahidi ni mkewe, na safu ya "Hapana" imechorwa mstari mmoja kwa rula hiyohiyo iliyokuwa mezani.

Alijua mkataba wa namna hiyo huishia wapi. Kwenye kiti kilekile cha mwalimu alikuwa amewakalisha wajane, akawaambia marehemu hakusema kweli, hakuna fidia. Wakishatoka, aliwadharau hao marehemu kwa moyo wote: wanaume wazima, wameogopa karatasi! Sasa dharau ile ilimrudia yeye, na alistahili.

"Unaumwa?" aliuliza mwalimu.

"Pipi tu."

Mwalimu alimtazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyeandika jibu bila kuonyesha njia.

Muhuri alisimama, akapiga magoti mbele ya kabati la chuma, akapekua mafaili hadi mikono ikawa na vumbi. Ukurasa wa pili alioupata ulikuwa umegeuka manjano: Maelezo ya Afya, kwa Bima Zote. Ulikuwa na nafasi ya mwombaji, nafasi ya daktari, nafasi ya shahidi.

"Nenda na huu kwa daktari leo," alimwambia. "Akiridhia, nitakuandikia cheti, hata kama kitakuwa na mpaka wa kina cha kushuka. Akikataa, sigongi."

"Akikataa nitabaki juu nimshikie mzee taulo."

Dada wa mapokezi alisimama kwenye mashine ya kunakili. "Ngapi, bosi?"

"Mbili."

Mwalimu alipoondoka na yake, Muhuri aliiweka nakala ya pili mbele yake. Kisha akampigia mkewe.

"Unaikumbuka fomu yangu ya bima, ile uliyosaini?"

"Ile uliyoniletea jikoni nikiwa na unga mikononi? Uliniambia nisijisumbue kuisoma."

"Leo nakuletea nyingine. Hii uisome."

Kwenye simu alisikia maji yakifungwa, kiti kikivutwa.

"Baba watoto," alisema mkewe polepole, "ni kuhusu zile pipi?"