Kilo Sitini na Mbili

Alhamisi kabla ya mbio, Fundi alikuwa amekaa kwenye sakafu ya karakana akitoboa bolti za pikipiki kwa keekee ili ziwe nyepesi. Kazi yake ilikuwa hiyo, kupunguza. Alikwisha kata sponji ya viti, akasaga vishikio, akakwangua rangi ya matangi kwa sababu hata rangi ina uzito. Kila alichokitoa alikipima kwa mizani ya jikoni, aliyoiazima kwa mama yake miaka minne iliyopita na ambayo mama alikuwa karibu kuikatia tamaa, kisha akakihifadhi debeni. Mdogo wake, ambaye mji mzima ulimwita Bingwa, alikuwa amekalia tairi akila ndizi.

"Pikipiki zimekwisha," Fundi alisema. "Kilichobaki kupunguzwa ni wewe."

"Anza na masikio, dada. Siyatumii sana."

Wakacheka, wakaendelea na shughuli zao.

Kwa misimu miwili Bingwa alikuwa ameshinda madaraja mawili ya mbio, pikipiki ndogo asubuhi na pikipiki kubwa alasiri, na katikati alilala chini ya meza ya vipuri. Mwaka huu mgeni rasmi alitaka kuwahi nyumbani. Kwa hiyo mbio zote mbili zilipangwa saa nne, ndogo kwenye njia ya ndani, kubwa kwenye njia ya nje. Meneja wa timu alikuwa amekwisha jaza fomu zote mbili.

"Nimesoma kanuni mwanzo hadi mwisho," alisema. "Hakuna palipoandikwa kwamba mshindani awe mahali pamoja."

Mama yao, aliyekuja kuulizia mizani yake, alisema, "Njia mbili zilimshinda fisi."

"Fisi hakuwa na fundi, mama."

Jumamosi, karani wa mizani alimpima Bingwa akaandika thelathini na moja. Akatazama daftari la mwaka uliopita.

"Ulikuwa sitini na mbili. Nusu nyingine iko wapi?"

"Nje. Anafunga viatu."

Nusu nyingine ikaingia na viatu vyake, ikapanda mizani, ikasalimia. Thelathini na moja. Karani akauliza kama aandike majina mawili. Meneja akasema jina ni moja, asiharibu karatasi.

Kama ilivyo katika mirathi mingi, mgawanyo haukuwa wa haki. Woga wote ulimwangukia yule wa pikipiki ndogo, na yule wa pikipiki kubwa hakubakiwa hata na wa kutosha kuvukia barabara. Wote wawili walishinda. Wa kubwa alishinda kwa kuwa hakuona sababu ya kufunga breki, wa ndogo kwa kuwa alitaka afike upesi ashuke. Meneja alimpigapiga Fundi begani. "Wewe ni hatari. Umepunguza mpaka mpandaji!"

Fundi akaukumbuka utani wake wa Alhamisi.

Jioni mama aliongeza sahani bila kuuliza. Walikalia kiti kimoja, kikawatosha. Lakini hakuna aliyeweza kumaliza mzaha. Mmoja aliuanza, mwingine aliumalizia, na wakitengana mzaha ulibaki ukining'inia. Siku moja mmoja wao aliuanza dukani, mwenye duka akasubiri mpaka muda wa kufunga.

Jumapili iliyofuata Fundi aliwavika wote wawili suti moja ya ngozi, akapandisha zipu hadi kidevuni, akaifunga kwa waya kama afungavyo bolti zisilegee. Akawakalisha juu ya tairi akangoja. Kufikia mchana mizani ya mwenye duka ilisema sitini na mbili.

"Dada," Bingwa alisema, "ninaogopa." Akacheka. Vyote vilitoka katika kinywa kimoja, na Fundi aligeukia ukutani akajifanya anatafuta spana.

"Usiivue," akamwambia. "Hata kuoga, oga nayo."

Jumanne Meneja alikuja na fomu tatu. Daraja la tatu lilikuwa la pikipiki zenye kigari cha pembeni, ambazo huhitaji watu wawili. Alihesabu kwa vidole akapata wanne.

"Sitaki," Bingwa alisema, kwa sauti yake nzima.

"Nimekusikia. Fomu tatu zimesema ndiyo, wewe mmoja umesema hapana. Kura zimepigwa."

Waya ukakatika, zipu ikashuka yenyewe jino kwa jino. Fundi alichukua koleo akaunga waya. Ukakatika tena. Aliunga mara tisa. Ndani ya suti walikuwa tayari wanasukumana, na wa kwanza alitoka akiomba radhi.

Siku ya mbio kila mmoja alikuwa na kilo kumi na tano na nusu. Mmoja alipata woga, wa pili kicheko, wa tatu mwendo. Wa nne, aliyepangiwa kigari, hakubakiwa na kitu ila kupenda ndizi. Upepo ulipovuma alinyanyuka kidogo, na Fundi akamshika ukosi.

Kanuni ya kigari ilitaka abiria wake awe na uzito kamili wa daftarini. Fundi alileta madebe matatu ya vyuma alivyovitoa miaka yote minne, vipande vya bolti, vumbi la vishikio, makwangu ya rangi, akamjaza mifukoni, kifuani, viatuni.

"Dada, mimi ni yupi?"

"Wewe ni mdogo wangu."

"Na wale?"

"Nao pia. Inua mkono."

Karani alisoma mizani, sitini na mbili. Kilo arobaini na sita na nusu zilikuwa chuma. "Jina moja?" aliuliza.

"Moja," Meneja alijibu. Kisha akamnong'oneza Fundi kwamba chuma kimezidi, labda kwa msimu ujao kingeweza kutobolewa kidogo.

Uwanjani upepo ulikuwa mkali zaidi, na vyuma havikutosha. Fundi alisimama kando ya kigari akiwa bado ameshika ukosi. Mgeni rasmi akatazama saa. Bendera ilipoinuliwa, kanuni ilitaka mafundi wote waachie.

Akaachia.